UZI: Tunaosoma kwa masafa huku Kusini, tunasoma au tunakusanya madesa, yaani vitini na mitihani ya zamani?

Mwalimu wa Tandahimba

Wadau, habari za jioni. Uzi huu niliuahidi muda mrefu, na kila nikianza kuandika umeme unakatika. Leo upo, acha niseme.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, wilaya ya Tandahimba, Mtwara, kusini mwa Tanzania. Shahada yangu nimeisoma kwa masafa, bila kuhama kijiji wala kuacha kazi. Simu moja ndiyo ilikuwa darasa, maktaba na ubao wa matangazo. Mtandao nyumbani kwangu unashika dirishani tu, dirisha la jikoni linaloangalia barabara. Kwa hiyo kila usiku watoto wakishalala nilikuwa naiegemeza simu kwenye kopo la chumvi, navuta kigoda, nasoma hadi saa saba, saa nane. Na mwaka wa kwanza nikapata sapu mbili, yaani mitihani ya kurudia baada ya kufeli: takwimu na saikolojia ya elimu.

Kilichoniuma ni kwamba sikuwa mvivu. Vitini nilivichapisha Newala mjini, nikavipiga rangi ya njano hadi kurasa zikalegea. Kila sura nilisoma mara tatu, mara nne. Nikiifungua najiambia hii ninayo, na hii ninayo. Nikiingia kwenye mtihani swali linaniuliza, mimi natoa macho. Nakumbuka maelezo yalikaa wapi kwenye ukurasa, kushoto, chini kidogo ya jedwali. Yalichosema sikumbuki.

Nimekuja kuamini hivi: wengi wetu tunaosoma kwa masafa tunaangushwa na ukimya. Darasani mwalimu anakunyooshea kidole, "wewe wa nyuma, tuambie." Pale dirishani hakuna wa kukunyooshea kidole, na sisi wenyewe hatujiulizi. Tunasoma, tunarudia kusoma, tunalala.

Mimi aliyenifungua macho ni mama yangu. Ilikuwa msimu wa korosho, mwezi wa kumi na moja, tumekaa barazani tunabangua korosho za kula nyumbani. Mikono yangu myeusi kwa maganda, simu siwezi kuishika, na sapu ya takwimu imebaki wiki tatu. Mama akaniuliza, "Hicho kinachokukosesha usingizi ni kitu gani hasa?" Nikamwambia ni mtawanyiko wa namba. Akasema, "Ndiyo nini?" Nikanyamaza. Nilikuwa nimekisoma mara nne, na sikuwa na sentensi hata moja ya kumpa mama yangu.

Usiku ule nikarudi kwenye kitini na swali lake. Kesho yake nikamwambia: mama, chukua magunia matano, kila moja lina kilo 80. Chukua mengine matano: la kilo 60, la 70, la 80, la 90 na la 100. Ukijumlisha na kugawa kwa tano, kote wastani ni 80. Sasa ukiambiwa uchague gunia moja umefumba macho... Mama akadakia, "Hayo ya pili sichukui bila mizani." Hapo nikajua nimeelewa. Wastani ni uleule, ila magunia ya kwanza hayajaachana na wastani hata kwa kilo moja, ya pili yamesambaa. Kwenye sapu likaja swali la alama za madarasa mawili. Mimi nikaona magunia, nikaandika.

Tangu hapo nikabadili kila kitu. Nasoma kurasa nne au tano, nafunga, naandika kwenye daftari kwa kalamu ya bluu kila ninachokumbuka, bila kuchungulia. Halafu nafungua na kuongeza kwa kalamu nyekundu nilichosahau. Kesho yake naanza na chekundu. Bluu naiacha siku tatu nne, kisha najipima tena. Ni hivyo tu, lakini msidhani ni rahisi. Dakika za kwanza unatazama karatasi nyeupe na kichwa kimekauka kama mto wa msimu, unajiona mjinga. Watu wengi wanaacha hapo hapo wakisema njia hii haiwafai, na ndipo kazi ilipokuwa inaanza.

Baadaye nikakuta haya yote yameandikwa kwenye somo lilelile la saikolojia nililolifeli. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, alionyesha kwamba sehemu kubwa ya tunachojifunza inatoweka mapema kabisa, kisha kasi ya kusahau inapungua. Kwa hiyo kurudia kesho kuna faida kuliko kurudia mara nne usiku mmoja. Na mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu vifungu viwili vifupi, kimoja cha jua na kingine cha fisi maji wa baharini. Kifungu kimoja mwanafunzi alikisoma mara mbili. Kingine alikisoma mara moja, kisha akaandika anachokumbuka. Waliopimwa baada ya dakika tano walikumbuka zaidi kile walichosoma mara mbili, asilimia 81 kwa 75. Waliopimwa baada ya wiki, kile cha kusomwa mara mbili kilibaki asilimia 42, na kile walichojipima kikabaki 56.

Ziangalieni hizo dakika tano vizuri. Ndizo zinazotufanya tulale tukiwa na furaha usiku wa kuamkia mtihani.

Mwalimu wa Tandahimba

Naendelea, maana kuna la madesa sijalisema.

Kundi letu la WhatsApp lilikuwa na watu mia na zaidi, kutoka Mtwara hadi Liwale. Kila siku mtu anatupia faili. Pasti pepa, yaani mitihani ya miaka iliyopita, vitini vya vyuo vingine, vitabu vya kurasa mia tano. Mimi nilikuwa na mafaili karibu mia tatu kwenye simu, mpaka ikaanza kugoma kupiga picha za wanangu. Kila nilipopakua nilijisikia nimesoma. Siku niliyoyahesabu yale niliyoyafungua kweli, hayakufika ishirini.

Nikafuta. Nilibaki na kitini kimoja kwa kila somo na pasti pepa za miaka mitatu. Na pasti pepa hizo nikaacha kuzisoma pamoja na majibu yake. Nazifanya kwa saa, mlango umefungwa, mtoto mkubwa akinishikia muda.

La mwisho ni kalenda. Vyuo vinatupa ratiba ya mwalimu wa mjini. Sisi huku mwaka unakwenda na mikorosho: kuanzia Mei na Juni tunapulizia dawa, Oktoba tunaokota, halafu minada, na mtu hawezi kuacha korosho chini ya mti kwa sababu ya asainimenti. Mwaka wa pili nilikaa na daftari nikaandika kwanza kazi za shamba, kisha nikazipenyeza sura za kitini kwenye nafasi zilizobaki. Februari na Machi, mvua zinanyesha na palizi inapumua kidogo, nilibeba nusu ya kazi ya semista. Oktoba nilijiwekea dakika ishirini tu kwa siku za kujipima, bila sura mpya hata moja. Kwangu hii ndiyo maana ya kusoma kwa njia yako mwenyewe.

Karibuni tujadili.

Nesi wa Nachingwea

Dada mwalimu, ahsante, umenigusa. Ila mimi hizo daftari na kalamu mbili nazishikia wapi? Niko zamu za usiku, nasoma stashahada kwenda shahada kwa mtandao. Wodini napata dakika tano, ananiita mama anayejifungua, narudi nimesahau hata nilikuwa sura gani. Nyumbani nikifika ni mtu wa kulala tu. Nisaidie kwa hali hii.

Mwalimu wa Tandahimba

Nesi, pole na kazi, na ahsante kwa mnayotufanyia usiku.

Dakika tano zako ni nyingi kuliko unavyodhani. Kuna mwandishi mmoja, Sebastian Leitner, alieleza miaka ya 1970 mtindo wa kadi kwenye kisanduku chenye vyumba. Swali mbele, jibu nyuma. Ukipata, kadi inasogea chumba cha mbele na utaikuta baada ya siku nyingi. Ukikosa, inarudi chumba cha kwanza, kesho unaonana nayo. Sasa wewe sare yako ina mifuko miwili. Kata karatasi ya manila vipande vya ukubwa wa tiketi ya basi, kumi tu kwa zamu. Zote zianzie mfuko wa kushoto. Unayoipata ihamie kulia, unayoikosa ibaki kushoto. Ukiitwa, unaitwa, hakuna ukurasa wa kupoteza. Asubuhi kilichobaki kushoto ndicho unachosoma baada ya kuamka, na hicho tu.

Mimi mwenyewe kwa njia ya shuleni, nusu saa kwa miguu, nilitumia sauti. Najirekodi maswali kwenye simu, naacha kimya cha kuhesabu hadi kumi baada ya kila swali, kisha jibu. Natembea, najibu kwa sauti. Wanafunzi wangu walishazoea kuniona naongea peke yangu barabarani.

Mwana wa Kilwa Masoko

Mwalimu, heshima kwako, lakini hapa napinga. Kila mtu ameumbwa kwa namna yake. Kuna wa kuona, kuna wa kusikia, kuna wa kutenda kwa mikono. Mimi ni wa kusikia. Nikisoma maandishi hayaingii, nikisikiliza video ya mhadhiri inaingia yote. Kwa nini nijitese na daftari?

Mwalimu wa Tandahimba

Kaka wa Kilwa, nashukuru umelitoa, maana hata mimi nilifundishwa hivyo chuoni, na nilikuja kuwafundisha walimu wenzangu kwenye semina. Nasikitika kwa hilo.

Mwaka 2008 wanasaikolojia wanne, Harold Pashler na wenzake, walizipitia tafiti za mitindo ya kujifunza. Kwamba watu wana wanachokipenda, ni kweli. Wewe unapenda kusikia, mimi napenda rangi ya njano. Lakini ushahidi wa kutosha kwamba mtu wa kusikia akifundishwa kwa kusikia ndiyo anafaulu zaidi, hawakuuona. Kinachotakiwa mara nyingi kinaamuliwa na somo lenyewe. Ramani ya mwambao wa Kilwa huwezi kuisikia, inabidi uione. Matamshi ya Kifaransa huwezi kuyaona, inabidi uyasikie.

Sikwambii uache video. Sikiliza. Ila ukimaliza izime, na umwambie mtu alichosema mhadhiri. Kama kweli imeingia yote, itatoka. Jaribu leo kwa video moja tu uje utuambie.

Na nikwambie jambo kuhusu kusikia. Mama yangu mwaka 1973 alikuwa msichana, na alikuwa kwenye kikundi cha Mtu ni Afya, kampeni ya afya kwa redio. Wazee humu wanakumbuka. Serikali ilikuwa imetangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kampeni ile ya redio ikafuata, watu wapatao milioni mbili nchi nzima. Mnaona, masafa hayakuanza na simu zetu. Mama anasema hawakuachwa wasikilize tu na kwenda zao. Redio ikinyamaza, kiongozi wa kikundi anafungua kijitabu, anasoma, kisha anauliza: malaria inakujaje hapa kwetu? Hapa kwetu, siyo kwenye redio. Kila mtu anasema. Halafu wanaondoka pamoja kufyeka nyasi na kuchimba choo. Mama hajui kusoma vizuri hadi leo, lakini ukimuuliza mbu anazaliana wapi anakupa somo zima, miaka hamsini imepita.

Mtoto wa Lindi Mjini

Mimi nina hoja nyingine. Mnaongea kama vile tatizo liko kichwani mwa mwanafunzi peke yake. Mei 2024 mlikuwa wapi? Kimbunga Hidaya kimepita, barabara ya kwenda Dar imekatika Somanga, na haijapita wiki mbili kebo za baharini nazo zinakatika, intaneti inayumba nchi nzima. Mimi nilikuwa na testi ya mtandaoni. Ukurasa unazunguka, unazunguka, muda ukaisha. Nikapewa sifuri. Nimeandika barua chuoni kwetu mara tatu, jibu moja tu: mfumo umeshafungwa. Kalamu nyekundu ingenisaidia nini?

Mwalimu wa Tandahimba

Isingekusaidia kitu, na ile sifuri ni dhuluma. Nakubali kabisa, sitaki uzi wangu usomeke kama unawatwisha wanafunzi makosa ya mifumo. Chuo kinachosajili watu wa Liwale na Nanyumbu lazima kijue mtandao wa Liwale na Nanyumbu ukoje, na kiweke namna ya kurudia testi siku kama ile. Hilo inabidi tulidai kwa pamoja na kwa maandishi, kwa sababu barua ya mtu mmoja inapotea kirahisi. Sisi tuliandika tukiwa thelathini na mmoja, na wetu waliruhusiwa kurudia.

Siku zile mimi niliokolewa na karatasi. Nilikuwa na kawaida ya Jumapili kupakua kila kitu cha wiki, naandika maswali ya kila sura kwenye daftari, na wiki nzima simu naigusa kwa kutuma kazi tu. Intaneti ilipopotea nilikosa kutuma, sikukosa kusoma.

Na kuna dhuluma nyingine ndogo haisemwi sana. Asainimenti yangu ya kwanza ilirudi na 11 kwa 20, bila neno moja. Kumi na moja kwa lipi? Nilikosea wapi? Mwaka 1840 kule Uingereza Isaac Pitman alifundisha hati mkato, mwandiko wa haraka wa alama fupi, kwa posta. Anakutumia kadi, unaandika, unamrudishia, naye anakurudishia imesahihishwa. Posta ya 1840! Kusahihishwa ndiyo ilikuwa roho ya masafa tangu mwanzo. Mhadhiri mwenye wanafunzi mia nane hawezi, naelewa, basi tukajitengenezea. Tulikuwa watatu, mmoja Masasi, mmoja Mtama. Kila Ijumaa tunabadilishana picha za majibu, na sharti ni moja: huruhusiwi kuandika "safi". Lazima useme ni sentensi ipi imekosewa na kwa nini. Yule wa Mtama alikuwa mkali, nilishamnunia wiki nzima. Ndiye aliyenivusha.

Mwana wa Kilwa Masoko

Nimerudi. Video ya dakika arobaini, uchumi, mahitaji na ugavi. Nikaizima, nikamwita mdogo wangu nimweleze. Nimeongea kama dakika mbili nikaanza kujirudia. Mwalimu, sijafurahi, lakini ni kweli.

Mwalimu wa Tandahimba

Dakika mbili ni mwanzo mzuri, kaka. Mdogo wako alikuuliza nini?

Mwana wa Kilwa Masoko

Aliuliza siku za mbalamwezi samaki wanakuwa bei rahisi au ghali, na kwa nini. Nilishindwa. Mimi nauza samaki.

Mwalimu wa Tandahimba

Basi swali lako la wiki umelipata. Wavuvi wa dagaa wanatoka na taa zao usiku wa giza, mwezi ukiwa mkubwa wanakaa. Kaa na mdogo wako umpe ugavi na mahitaji kwa hao dagaa, bila video.

Binti wa Masasi

Shikamooni wakubwa. Mimi niliachia shule kidato cha pili. Sasa nina mtoto wa miaka mitatu, najiandaa na QT, mtihani wa kufuzu kabla ya kuruhusiwa kufanya wa kidato cha nne, kama mtahiniwa wa kujitegemea. Sina kundi, sina mtu wa Mtama. Nasoma vitabu alivyoniachia kaka yangu. Nimesoma uzi wote tangu jana. Naweza kufanya hiyo ya kufunga kitabu hata kama sijasoma vizuri miaka mingi? Naogopa nitaona sijui kitu.

Mwalimu wa Tandahimba

Marahaba mdogo wangu. Utaona hujui vingi, na utaona unajua vingine ambavyo hukuvitarajia. Usichague sura kubwa. Biolojia, mfumo wa usagaji chakula, kurasa saba nane hivi. Soma polepole mtoto akilala. Funga. Andika chakula kinapita wapi tangu mdomoni, kwa maneno yako, hata kama ni ya nyumbani. Usijali kalamu nyekundu usiku huo, ifanye kesho. Ukimaliza niandikie hapa hapa umefikisha mistari mingapi.

Nesi wa Nachingwea

Na mimi nipo, binti. Biolojia ukikwama niite, mchana au usiku. Usiku ndiyo niko macho zaidi.

Binti wa Masasi

Nimefanya. Mistari sita. Nimefika tumboni nikakwama. Nimesahau kongosho, nimesahau ini, utumbo mpana nimeuweka kabla ya mwembamba.

Nesi wa Nachingwea

Tumbo umelifikia, vizuri. Shika hili: utumbo mwembamba ni mrefu, mita kadhaa kwa mtu mzima, ndipo chakula kinanyonywa. Mpana unakuja baadaye, kazi yake kubwa ni kurudisha maji. Ndiyo maana mtu akiharisha anakauka. Ukikumbuka mtoto akiharisha, huwezi tena kuugeuza.

Mwalimu wa Tandahimba

Kesho usisome upya. Chukua karatasi tupu kwanza, andika tena, ndipo ufungue kitabu.

Binti wa Masasi

Shikamooni. Mistari kumi na minne. Utumbo umekaa mahali pake, nimemfikiria mwanangu alipougua mwaka jana. Ini nimelisahau tena.

Mwalimu wa Tandahimba

Marahaba. Kesho anza na ini.